Kambi za Julai Ihumwa

Familia za wamisionari wanaokuja Dodoma mwezi Julai kuendesha kambi za vijana hutoka kwenye joto la Ulaya au Marekani, na masanduku yao yamejaa nguo nyepesi. Ihumwa huwapokea kwa kipupwe. Upepo wa alfajiri katika uwanda huu hupenya hadi mifupani, na kabla ya somo la kwanza akina mama wa kanisa huwa wameshawaazima wageni mablanketi na makoti. Naupenda mwanzo huo, kwa sababu unaweka mambo sawa: mgeni aliyekuja kutoa anaanza kwa kupokea.

Ihumwa iko mashariki mwa jiji la Dodoma, kando ya barabara kuu ya Morogoro, jirani na Mji wa Serikali wa Mtumba. Magari ya wizara hupita mchana kutwa, lakini ukiiacha lami unakutana na mashamba ya uwele, mtama na zabibu, na kaya za Wagogo. Mvua hapa ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili. Ikifika Juni mavuno yanaingia ghalani, shule zinafungwa na vijana wanapata nafasi.

Majira hayo hayo ndiyo ya jando. Tangu zamani Wagogo waliwapeleka wavulana jandoni baada ya mavuno, chakula kikiwapo. Huko kijana aliishi mbali na mama yake, alistahimili baridi, alikula na wenzake na kufundishwa utu uzima kwa nyimbo, kisha akarudishwa nyumbani kwa shangwe. Kwa hiyo mzazi wa Kigogo haoni ajabu kijana wake kuondoka siku kadhaa akalelewe na watu wengine. Anachotaka kujua ni nani watakaomfundisha, na kama wana adabu. Wapo wageni wanaodhani kambi ni jambo walilokuja nalo wao. Ukweli ni kwamba wameikuta njia imeshakanyagwa.

Ukristo wenyewe si mgeni Ugogo. Wamisionari wa CMS, chama cha kimisionari cha Kianglikana, walifungua kituo Mpwapwa mwaka 1876, na Dayosisi ya Central Tanganyika ilipoanzishwa mwaka 1927, George Chambers alikuja kutoka Australia kuwa askofu wake wa kwanza. Miongoni mwa wamisionari wa mwanzo walikuwamo walioitazama ngoma kwa shaka, wakiihesabu pamoja na pombe na mambo ya giza. Kizazi cha leo kinacheza muheme mbele ya kanisa: wanawake wamezibana ngoma kwa magoti, wanapiga na kuimba, na zeze linaitikia. Mimi nasema hapo kanisa lilipata, halikupoteza.

Kambini vijana hulala madarasani, wasichana kwao na wavulana kwao. Kila mmoja huja na shuka, sahani na mchango: unga, maharage au kuni. Mchango huo usidharauliwe. Hii ni nchi iliyopigwa na njaa ya Mtunya wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na baada yake, na hata sasa mvua ikikosea, ghala huisha mapema. Anayetoa debe la mtama anatoa kitu ambacho huenda akakihitaji Februari. Alfajiri ni ibada, mchana mafundisho na mpira, jioni kwaya na ushuhuda. Chakula ni ugali na mlenda, na siku ya mwisho huchinjwa mbuzi.

Kinachowafungulia wageni milango ni watoto wao. Mmisionari akija peke yake ataulizwa watoto amewaacha na nani. Akija na familia, mkewe huitwa kwa jina la mtoto wa kwanza, Mama Fulani, na siku hiyo hiyo anakalishwa jikoni kuchambua mboga. Watoto huchukuliwa na wenzao, jioni wanarudi na vumbi hadi kwenye nyusi, wakisalimia kila mtu "Mbukwenyi!" Salamu hiyo moja huwafurahisha wazee kuliko mahubiri yaliyoandaliwa mwezi mzima.

Wakati wa kuagana, wenyeji hutoa kuku au kitenge. Kuna wageni wanaokataa kwa huruma, wakiona waliotoa ni maskini. Hilo linaumiza. Kukataa kuku wa mwenyeji ni kumwambia kwamba hana cha kumpa mtu.

Kwa hiyo nawaomba viongozi wa parokia na mitaa wanaoalika familia hizi: ratiba isitoke ng'ambo ikiwa imekamilika. Wazee wapewe kipindi cha kusema na vijana, akina mama wa muheme waimbe tangu siku ya kwanza badala ya kuwekwa mwisho kama burudani, na mkalimani apewe mafundisho mapema ayasome. Nanyi wageni, njooni na watoto, mje na masweta, na kuku mkipewa, mpokeeni kwa mikono miwili.