Tanuri Lisilofunuliwa

Juma lililopita tulieleza habari za alumini. Leo tutasema juu ya kitu kinachoshika mahali pake katika ndege: nyuzi za kaboni zilizoshikanishwa kwa gundi.

Jambo lenyewe si geni. Ajengaye nyumba ya fito na udongo ajua kwamba fito peke yake huyumba, na udongo peke yake hubomoka. Vikishikana, ukuta husimama. Ndege ya Boeing 787, iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2011, karibu nusu ya uzito wake ni vitu vya namna hii. Kenya Airways na Air Tanzania wanazo.

Sasa sikilizeni kazi yake. Nyuzi zilizokwisha kutiwa gundi hulazwa tabaka juu ya tabaka, hufunikwa kwa mfuko, hewa hunyonywa, kisha huingizwa katika tanuri lenye mkandamizo mkubwa. Joto hufika digrii 180 hivi. Gundi hulainika, halafu hukauka; na ikiisha kukauka haiyeyuki tena. Mpishi wa wali hufunua chungu akatazama. Hapa hakuna kufunua. Tena gundi hutoa joto lake yenyewe, hata pande nene laweza kuungua ndani huku nje kukiwa kuzuri. Vipovu vikibaki, tabaka huweza kuachana.

Desturi ni kupika kila pande kwa saa zile zile, na kuongeza kidogo kwa hofu. Lakini gundi iliyokaa sana ghalani haikauki sawa na gundi mpya. Ndiyo sababu maabara na viwanda kadhaa huweka vihisi, yaani vipimo vidogo, ndani ya kalibu. Vingine hupima joto. Vingine hupitisha umeme kidogo, kwa kuwa umeme hupenya gundi laini tofauti na gundi kavu. Kompyuta yenye akili mnemba, iliyofundishwa kwa kumbukumbu za mapande yaliyopikwa zamani, hukisia hali ya ndani na kurekebisha joto mapema.

Msikilizaji mmoja ameuliza: je, ikikosea? Swali jema. Mashine hiyo hujua yale iliyoonyeshwa tu, na mapande mabovu ya kujifunzia ni machache. Hakuna kiwanda kiharibucho mabawa kwa makusudi. Kwa hiyo wataalamu huiongezea kanuni za joto na kemia, na pande likitoka bado hupimwa kwa mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio. Nami, niketipo dirishani juu ya bawa, nafurahi kuwa ni hivyo.

Habari za mawimbi hayo ni somo la juma lijalo. Kwaherini.