Neno la Kiingereza Linalodai Kutobakiza Kitu

Kitenzi cha Kiingereza "annihilate", pamoja na nomino yake "annihilation", kwa kawaida hutafsiriwa kuwa kuangamiza, na tafsiri hiyo, ingawa haina kosa, huliacha nje jambo lililo kiini cha neno lenyewe. Asili yake ni Kilatini: "ad", yaani kuelekea, na "nihil", yaani hapana kitu, kwa hiyo maana yake ya mwanzo ni kukifikisha kitu mahali ambapo si kitu tena, pasipo jivu, kifusi wala mfupa wa kuonyesha kwamba kiliwahi kuwako. Kiswahili kina vitenzi vikali vya uharibifu, lakini kila kimoja kina picha yake. Kuteketeza hunukia moto, na moto huacha majivu; kutokomeza ni kukifanya kitu kipotelee mbali na macho, ndiyo maana husemwa kutokomeza malaria au ujangili; na aliyeangamizwa bado aweza kuzikwa na kuliliwa. Mfasiri anapokutana na neno hilo la Kiingereza, yampasa kwanza aulize ni kitu gani kilichobaki, kwa sababu karibu kila mara hubaki kitu.

Waliolitumia kwa uzito wake wote walikuwa wanateolojia. Thomas Aquinas, katika karne ya 13, aliuliza katika "Summa Theologiae" kama Mungu aweza kukirudisha kiumbe katika hali ya kutokuwako, akajibu kwamba uwezo huo anao, kwa kuwa aliyeumba pasipo kitu aweza pia kuacha kukitegemeza alichokiumba, ila kwa hakika hakuna kiumbe kinachofanyiwa hivyo. Neno likawa na maana kamili, lakini likakosa tukio la kulitaja.

Katika karne ya 20 wanafizikia walilipa tukio. Mlinganyo wa Paul Dirac wa mwaka 1928 ulimfikisha, miaka mitatu baadaye, kwenye wazo la chembe iliyo pacha wa elektroni lakini yenye chaji kinyume, na mwaka 1932 Carl Anderson aliiona chembe hiyo, positroni, huko California. Positroni ikikutana na elektroni, zote mbili hutoweka, na tendo hilo ndilo linaloitwa "annihilation". Hata hivyo nishati haipotei, kwani mahali pao huchomoka miale miwili ya gama inayokwenda pande mbili zilizo kinyume, kila mmoja ukiwa na nishati ya kilo-elektronivolti 511. Hospitali hulitegemea jambo hili kila siku. Mgonjwa wa saratani hudungwa sukari iliyounganishwa na florini-18, ambayo nusu yake huisha kwa muda wa dakika 110 hivi. Seli za saratani, ambazo mara nyingi hufyonza sukari kuliko jirani zake, huikusanya. Kila positroni inayotoka humo husafiri umbali mfupi sana kabla ya kukutana na elektroni, na pete ya vipokezi iliyomzunguka mgonjwa hunasa ile miale miwili kwa wakati mmoja. Kompyuta huchora mstari kati ya vipokezi viwili vilivyoguswa, kisha mwingine, na mwingine tena, hadi uvimbe uonekane mahali mistari inapopishana. Picha anayoisoma daktari imechorwa kwa mabaki ya tendo ambalo jina lake linakana mabaki.

Magazeti ya michezo hulitumia neno hilo kwa urahisi, kama vile Ujerumani ilipoifunga Brazil 7-1 mwaka 2014, na hapo Kiswahili kina "kugaragaza", linalotosha kabisa. Vita ndivyo vinavyodai uangalifu. Kijerumani kina neno lililoundwa kwa njia ileile, "Vernichtung", na mwananadharia wa vita Carl von Clausewitz alieleza kwamba kwake maana yake ni kulifikisha jeshi la adui katika hali ya kutoweza kuendelea kupigana. Si lazima wote wafe. Lakini mwaka 1904 Lothar von Trotha, aliyewahi kuongoza jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki katika miaka ya 1890, alilielekeza neno hilo kwa taifa zima la Waherero katika nchi ambayo sasa ni Namibia, na tangazo lake la tarehe 2 Oktoba limejulikana kwa jina hilo tangu wakati huo. Waherero walisukumwa katika nyika kame ya Omaheke, visima vikalindwa kwa bunduki, na kati ya watu wanaokadiriwa kufika 80,000, sensa ya mwaka 1911 iliwakuta kama 15,000. Anayeiandika habari hiyo kwa Kiswahili na aandike kuangamiza, kwa maana ndilo neno linalowaacha wafu na idadi yao, na walionusurika na sauti yao.

Kila mwezi wa Agosti Waherero hukusanyika Okahandja, alipozikwa mwaka 1923 kiongozi wao Samuel Maharero, baada ya kufa uhamishoni katika nchi ambayo sasa ni Botswana; wanaume hupita kwa gwaride wakiwa na mavazi ya kijeshi, na wanawake hutembea kuelekea makaburini wakiwa wamevaa magauni mapana na vilemba vyenye umbo la pembe za ng'ombe.