Usiku Tuliokula kwa Zamu

Umewahi kusherehekea kumbukumbu ya ndoa yenu huku mwenzio yuko nje ya mlango, kwenye baridi, amebeba mtoto anayelia? Mimi nimewahi.

Ilikuwa Novemba 2017, mjini Delft, Uholanzi. Mume wangu alikuwa amepata mkataba wa kazi wa miaka miwili huko, nami nikaacha meza yangu ya uhariri Dar, tukabeba watoto: binti wa miaka mitatu na mdogo wake wa miezi kumi. Ndoa ilipotimiza miaka minne tukasema liwalo na liwe, leo hatupiki. Saa mbili usiku tukaingia kwenye mgahawa mmoja kando ya mfereji. Mishumaa mezani, muziki wa chini chini, kila meza watu wawili wawili. Mtoto mwingine? Hakuna hata wa dawa.

Robo saa ya kwanza tulikuwa watu wa heshima zetu. Kisha binti akazama chini ya meza. Mdogo wake akavuta kitambaa, glasi ikaenda chini, pwaa! Mgahawa mzima ukageuka. Mhudumu alikuja kufagia vipande bila kusema neno, na ule ukimya uliniuma kuliko matusi. Mume wangu akambeba mdogo, akatoka naye. Nikala harakaharaka, nikatoka kumpokea, naye akaingia kula nyama iliyokwisha kupoa. Bili ilizidi euro 80. Njiani akapiga hesabu kwa shilingi: zaidi ya laki mbili.

"Mama watoto, hela hii bora tungepika pilau nyumbani."

"Kwa hiyo mimi nimekuja Ulaya kupika pilau?"

Hatukuongea mpaka asubuhi.

Basi tukaacha kutoka. Miezi mitatu! Kwa mtu aliyezoea ofisi, simu na mashoga wa mchana, nilibaki na kuta nne na giza linaloingia saa kumi na nusu jioni. Mwenzangu akirudi anakula, anaoga, analala. Tukiongea, tunaongea nepi na bili ya gesi. Hapo nikaanza kuogopa, na nilichoogopa hakikuwa watoto.

Nikajiuliza: mbona Dar tulikuwa tunatoka autingi karibu kila Jumapili, na watoto hao hao? Jibu lilinitia aibu. Dar tulikuwa na dada. Sisi tunaagiza kuku na kupiga stori, dada anamlisha mdogo, binti anakimbia kwenye bembea, na mhudumu akimpenda anambeba mpaka jikoni. Ukweli ni kwamba hatukuwahi kula hotelini na watoto wetu. Tulikula hotelini, watoto wakiwepo. Ni tofauti kubwa, jamani.

Aliyetuokoa ni jirani, mama wa Kiholanzi mwenye watoto watatu. Wenzetu wale hawazunguki: "Mlikosea saa, na mlikosea mahali." Kwao chakula cha jioni ni mapema, kama saa kumi na mbili hivi. Akatuelekeza kwenye nyumba ya pankeki, wenyewe wanaita pannenkoekenhuis.

Jumamosi moja ya Februari, saa kumi na moja na nusu jioni, tukaenda. Kelele tangu mlangoni! Viti virefu vya watoto vimepangwa ukutani, penseli za rangi mezani, kona nzima ya midoli. Pankeki yenyewe ni binamu wa chapati ya maji, ila inafunika sahani nzima, na juu yake unachagua mwenyewe: jibini, tufaha, nyama ya nguruwe kwa wanaokula. Pembeni kuna stroop, rojo jeusi zito lenye utamu wa kuua. Kisha zikaja poffertjes, vidude vya duara vinavyopikwa kwenye chuma chenye vishimo, vimemwagiwa siagi na sukari laini ya unga.

"Mama, vitumbua!" binti akapiga kelele.

Hakukosea sana. Hamira ipo, vishimo vipo, kilichokosekana ni mchele na nazi. Akala tisa.

Mengine tulijifunza polepole. Chakula cha mtoto kiagizwe mnapoketi tu, kabla hamjafungua menyu yenu. Maji ya bomba usidhani ni ya bure kila mahali. Huduma iko ndani ya bei, bakshishi ni hiari yako. Na mtoto akilia kweli kweli, mmoja atoke naye. Mume wangu hapa anabisha, anasema watu wavumilie, nao walikuwa watoto. Mimi nasema wa meza ya pili naye amelipa. Hatujakubaliana hadi leo.

Lakini nisichosahau ni kingine. Watoto walipokuwa wamezama kwenye rangi zao, mume wangu aliniambia, huku anamkatia binti pankeki, kwamba ule usiku wa Novemba, alipokuwa nje na mtoto, alikuwa anawaza kazi. Bosi wake alikuwa amemweleza wiki ile kwamba asipobadilika mkataba utavunjwa. Miezi mitatu amekaa nalo moyoni peke yake! Nami nilidhani ananinunia kwa sababu ya bili.

Kazi haikuvunjwa. Nyumba ya pankeki ikawa ya kila mwisho wa mwezi, saa ile ile, na meza ile ile tukiipata.

Tulirudi Dar mwaka 2019, na dada yetu wa zamani akakubali kurudi kazini. Jumapili ya kwanza tukaenda kula nyama choma. Kwa mazoea dada akanyoosha mikono amchukue mdogo. Mume wangu akamvutia kiti, akampa menyu, akaita chipsi za watoto kwanza.

Dada akanitazama. "Mama, na mimi naagiza?"

Akaagiza samaki mzima.