Kubadili Kioo cha Kompyuta Mpakato Bila Kuvunja Kasha Lake

Katika stoo za shule nyingi za sekondari huonekana kompyuta mpakato zilizolazwa juu ya rafu, zimefunikwa vumbi, nazo zimeandikiwa neno moja tu: mbovu. Ukiichunguza mojawapo, aghalabu utakuta kwamba ubongo wake ni mzima, kumbukumbu yake ni nzima, na hata alama za mitihani zilizohifadhiwa humo zingalipo. Kilichovunjika ni kioo tu. Pengine kalamu ilisahauliwa juu ya vibonyezo, kisha mtu akafunga kifuniko, na ufa ukapita kutoka pembe moja hadi nyingine.

Kubadili kioo si kazi ngumu. Hata hivyo, watu wengi waifanyao huiponya kompyuta maradhi moja na kuiachia jingine. Mwandishi wa makala hii aliwahi kufungua kifuniko kwa ncha ya kisu cha mezani. Kioo kipya kiliwaka vizuri, lakini fremu ilibaki na meno yaliyokatika upande wa bawaba. Baada ya miezi michache bawaba ilibanduka, kifuniko kikapinda, na kioo kile kipya nacho kikapasuka. Gharama ikawa mara mbili, na somo likawa moja: kasha si pambo, bali ni sehemu ya mtambo. Madhumuni ya makala hii ni kueleza jinsi ya kuifanya kazi hiyo, na hasa sababu za kila hatua, maana ajuaye sababu hahitaji kukariri.

KIOO HIKI NI KITU GANI?

Mwaka 1888 Friedrich Reinitzer, mtaalamu wa mimea kutoka Austria, aliona ajabu katika kitu fulani kitokanacho na kolesteroli. Kilipopashwa moto kiliyeyuka kwenye nyuzi 145 hivi za sentigredi kikawa kimiminika chenye ukungu, kisha kwenye nyuzi 178 hivi ukungu huo ukatoweka. Mwanafizikia Otto Lehmann wa Ujerumani aliendeleza uchunguzi huo, na ikabainika kwamba ipo hali ya maada iliyo kati ya yabisi na kimiminika: molekuli hutiririka kama maji, lakini hujipanga kwa mwelekeo kama zilivyo katika fuwele.

Kioo cha kompyuta hutumia hali hiyo. Fuwele-kimiminika hujazwa kati ya vioo viwili vyembamba, katika nafasi ya mikroni chache tu, ambayo ni nyembamba kuliko unywele wa binadamu kwa zaidi ya mara kumi. Nje ya vioo hivyo kuna tando mbili, kila moja ikipitisha mwanga unaotikisika katika mwelekeo mmoja pekee. Umeme ukibadili mpangilio wa molekuli, mwanga utokao nyuma hupita au huzuiliwa. Kioo chenye nukta 1,366 kwa upana na 768 kwa urefu kina nukta 1,049,088, na kila nukta ina sehemu tatu: nyekundu, kijani na bluu. Hivyo kuna milango ya mwanga zaidi ya milioni tatu, na kila mmoja una transista yake. Ndiyo maana kioo kilichopasuka hakizibwi kwa gundi. Hubadilishwa chote.

TAMBUA MARADHI KABLA YA DAWA

Kwanza, unganisha kompyuta na skrini ya nje au projekta. Picha ikionekana huko bila kasoro, ubao mkuu wa saketi unafanya kazi, na kosa limo katika kioo au kebo yake. Pili, fungua na kufunga kifuniko polepole. Picha ikipotea na kurudi kwa kufuata mwendo wa bawaba, shuku kebo. Tatu, ikiwa skrini ni nyeusi, mulika tochi kwa pembe. Ukiona kivuli cha picha, fuwele ni nzima, ila taa ya nyuma haiwaki.

Usinunue kioo kipya kabla ya kukitoa cha zamani. Nyuma yake kuna kibandiko chenye namba ya aina. Linganisha namba hiyo, ukubwa, idadi ya nukta, mahali pa plagi na idadi ya pini zake, ambazo kwa kawaida ni 30 au 40. Angalia pia masikio ya skrubu, maana kioo kisicho na masikio hakiwezi kufungwa mahali pa kile chenye nayo.

KWA NINI KASHA HUVUNJIKA?

Fremu izungukayo kioo hushikwa na vilimi vidogo vya plastiki vilivyonasa katika matundu ya kifuniko. Ili kilimi kitoke, plastiki haina budi kupinda kidogo. Swali ni hili: ipinde katika urefu gani?

Kanuni ya ufito uliobanwa upande mmoja inatujibu. Ukiusukuma ncha yake kwa umbali ule ule, mkazo kwenye shina huongezeka kadiri kipeo cha pili cha urefu kinavyopungua, na nguvu inayotakiwa huongezeka kadiri kipeo cha tatu kinavyopungua. Urefu ukipunguzwa hadi robo, mkazo huwa mara 16 na nguvu mara 64. Anayeinua fremu polepole kwa vidole, akiacha urefu mkubwa upinde pamoja, huipa plastiki nafasi ya kuvumilia. Anayeibetua ghafla mahali pamoja huulazimisha urefu wa milimita chache kubeba yote.

Sasa tutazame kisu au bisibisi. Hiyo ni nyenzo. Tuseme mkono unasukuma kwa nyutoni 10, yaani takriban uzito wa kilo moja, umbali wa milimita 120 kutoka kwenye egemeo, na ncha iko milimita 3 upande wa pili. Nguvu kwenye ncha ni 10 × 120 ÷ 3, yaani nyutoni 400. Ikiwa chuma kinagusa plastiki kwa eneo la milimita 4 za mraba, kila milimita ya mraba inabeba nyutoni 100. Plastiki ya aina ya ABS, itumikayo sana kwa makasha, huanza kukubali kushindwa kwenye nyutoni 40 hivi. Si ajabu basi kwamba alama ya kisu haifutiki. Kadi ya zamani ya plastiki ni bora: eneo lake ni pana, nayo hupinda yenyewe kabla ya kuumiza kasha.

Jambo jingine ni joto. Plastiki ikiwa baridi huwa ngumu na hukatika upesi. Asubuhi ya Julai huko Njombe au Makete, iache kompyuta ipate joto la chumba kwanza. Fremu iliyobandikwa kwa gundi hulainishwa kwa kikausha nywele, kikipitishwa huku na huku hadi pawe vuguvugu, si moto.

HATUA ZA KAZI

1. Zima kompyuta, chomoa chaja na utoe betri. Betri ikiwa ya ndani, fungua kifuniko cha chini na uchomoe plagi yake. Hatua hii isirukwe kamwe. Kebo ya kioo hubeba umeme wa taa ya nyuma karibu na nyaya za ishara. Plagi ikiingia upogo huku umeme ukiwapo, fyuzi ndogo mno kwenye ubao mkuu huungua, na kioo kipya kitaonekana kibovu. Gusa pia chuma kilichounganishwa na ardhi ili kuondoa umeme tuli mwilini.

2. Tafuta skrubu za fremu. Mara nyingi hujificha chini ya vifuniko vidogo vya mpira kwenye pembe. Chora umbo la kompyuta kwenye karatasi ngumu na uchomeke kila skrubu mahali pake. Skrubu ndefu ikirudishwa kwenye tundu fupi hulisukuma kasha kutoka ndani hadi likatokeza uvimbe au ufa.

3. Anza kuinua fremu katikati ya ukingo wa juu, kwa vidole, ukivuta kutoka upande wa ndani. Kilimi kikilia, sogea kwa kinachofuata. Upande wa bawaba uwe wa mwisho, kwa kuwa hapo ndipo plastiki ni nyembamba na mzigo ni mkubwa. Mahali panapogoma, simama. Huenda ipo skrubu uliyoisahau.

4. Fungua skrubu za kioo, kisha kilaze kifudifudi juu ya vibonyezo vilivyotandikwa kitambaa safi. Vioo vingine havina skrubu, bali hushikwa na tepe za gundi zinazovutika. Zivute polepole zikiwa karibu kulala sambamba na kasha. Bandua utepe ulio juu ya plagi, inua kizuizi cha chuma kama kipo, kisha chomoa plagi kwa kuifuata ilivyoingia. Usivute nyaya.

5. Unganisha kioo kipya, kiegemeze vizuri, rudisha betri na uwashe. Kagua nukta zote kwa picha nyeupe na nyeusi. Ukiridhika, zima na utoe betri tena kabla ya kufunga.

6. Ilaze kebo katika njia yake ya awali. Kabla ya kukaza skrubu iingiayo kwenye plastiki, izungushe kinyume mpaka uisikie ikidondokea katika mfereji wake, ndipo uikaze. Kwa njia hiyo haikati mifereji mipya. Mwisho bonyeza fremu kwa dole gumba. Ikikataa kukaa, usiilazimishe. Tazama kama kebo imebanwa.

TAHADHARI

Kioo kilichopasuka kifunikwe kwa utepe mpana wa gundi kabla ya kukigusa, na macho yakingwe kwa miwani. Ute ukitoka, nawa kwa sabuni. Kompyuta za zamani zina taa za mirija yenye zebaki, hivyo mrija usivunjwe wala kutupwa ovyo. Betri iliyovimba isibonyezwe wala kutobolewa: acha kazi na umwite fundi mzoefu. Vivyo hivyo, ikiwa kioo cha kugusa kimegundishwa moja kwa moja kwenye kifuniko, ni nafuu kubadili kifuniko kizima.

ZOEZI KWA DARASA

Chukua rula ya plastiki ya sentimita 30. Ibane ukingoni mwa meza, sentimita 20 zikiwa nje, kisha ning'iniza uzito mdogo nchani na upime ncha imeshuka kiasi gani. Rudia kwa sentimita 10, kwa uzito ule ule. Wanafunzi walinganishe vipimo vyao na kanuni ya kipeo cha tatu: mshuko wa pili unatarajiwa kuwa takriban sehemu moja ya nane ya ule wa kwanza. Baada ya hapo wapewe kasha la kompyuta iliyokufa kabisa, walifungue na kulifunga mara tatu bila kukata kilimi hata kimoja.

Atakayefaulu zoezi hilo anaweza kuaminiwa na kompyuta iliyo hai. Na shule yenye wanafunzi wawili au watatu wa namna hiyo haitakuwa na haja ya kuandika neno "mbovu" juu ya mtambo uliovunjika kioo tu.