Sina Makosa: Wimbo uliotungwa ugenini wakati mpaka umefungwa

Ukipita Kisimenti, hapa Remera, Ijumaa jioni, baada ya vijana kutosheka na Bongo Fleva na nyimbo za Kinaijeria, hufika saa ambayo mwenye baa huwahurumia wazee. Hapo gita la "Sina Makosa" hulia, na watu wa rika langu na walionizidi, waliorudi kutoka Karagwe, Mbarara, Nairobi na Bukavu, huinuka vitini kana kwamba wameitwa majina.

Kisha ubishi huanza. Aliyekulia Nairobi husema wimbo ni wa Wakenya, maana ulirekodiwa kwao. Wa Bukavu akisikia jina la bendi linaanza na "Les" huapa kwamba ni wa Wakongo. Sisi tuliosoma Tanzania hucheka tu, kwa sababu Kiswahili kile tunakijua kilikotoka.

Ukweli ni kwamba kila mmoja ana kipande chake. Ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Kinyonga, waliopitia Jamhuri Jazz ya huko, walihamia Arusha na kuunda Arusha Jazz, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakaingia Nairobi kutafuta maisha. Huko bendi yao ikajulikana kwa jina la Simba Wanyika. Nairobi ndiko zilikokuwa kampuni za santuri, studio na kumbi zenye wateja, hivyo mwanamuziki wa Tanzania aliyetaka sauti yake iuzwe dukani alipanda basi kwenda kaskazini, kama vile mfanyabiashara anavyofuata soko.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na Tanzania ikaufunga mpaka wake na Kenya. Ulikaa hivyo hadi mwishoni mwa 1983. Wasomaji wanaopitisha mizigo Gatuna hawahitaji kuelezwa maana yake. Wao walilionja kuanzia Februari 2019 hadi mwisho wa Januari 2022, na hiyo ilikuwa miaka mitatu tu.

Ndani ya kipindi hicho, Novemba 1978, Simba Wanyika ilipasuka. Walioondoka walikuwa uti wa mgongo wa bendi: Omar Shabani, aliyeitwa "Profesa", mpiga gita la ridhimu, Tom Malanga wa besi, Rashid Juma wa ngoma, na mwimbaji Issa Juma, ambaye baadaye aliunda kundi lake la Super Wanyika. Wakamchukua Mtanzania mwingine, John Ngereza, aliyekuwa akipiga muziki Kenya, na kujiita Les Wanyika. Hiyo "Les" ni Kifaransa, na wanafunzi wangu huniuliza ilifuata nini kwa Waswahili. Mimi naiona kama alama ya enzi zile, muziki wa Kongo ulipotamba Nairobi kiasi kwamba kijineno cha Kifaransa kilitosha kuipamba bendi.

Jambo ninalolipenda zaidi katika habari hii ni kwamba hawakukimbilia jukwaani. Walijifungia miezi sita, wakitunga na kufanya mazoezi, ndipo wakajitokeza kwa watu katika klabu ya Garden Square jijini Nairobi. Miezi sita bila jukwaa la kwao, ugenini, na kodi ya nyumba haisubiri! "Sina Makosa", utunzi wa Omar Shabani, ulikuwa miongoni mwa matunda ya kwanza ya kazi hiyo, na ndio uliowatoa.

Usikilize vizuri utaona faida ya mazoezi yale. Hakuna msururu wa tarumbeta wa kufunika makosa. Kuna magita, besi na ngoma, basi. Besi ya Malanga haijazi kila nafasi. Inagonga, inanyamaza, inagonga tena, na ridhimu ya Omar inapenya katika ule ukimya kama mtu anayejua mlango ulipo hata gizani. Solo inakuja juu yao bila haraka. Mwanzoni ni hadithi tupu, watu wanasikiliza. Baadaye maneno yanapungua na magita yanashika usukani ili watu wacheze. Mpangilio huo uliendana na santuri ndogo za enzi hizo, ambazo upande mmoja haukutosha wimbo mrefu: unasikiliza upande wa kwanza, unageuza, unacheza upande wa pili.

Hadithi yenyewe ni ya mwanamume anayemuuliza mwenzake chuki inatoka wapi. Wote wawili wana wake nyumbani, na mwanamke anayegombaniwa si mali ya yeyote kati yao. Ni mambo ya mtaani kabisa. Lakini sisi watoto wa wakimbizi tulipoisikia kwenye redio ya betri kule Karagwe, mambo ya mwanamke hayakutuhusu. Tulilisikia lile jina la wimbo. Shuleni nilikuwa naitwa mkimbizi hata muhula nilioongoza darasa katika somo la Kiswahili, na mtoto wa namna hiyo akisikia mtu mzima anatamka hadharani kwamba hana makosa, hulishika neno hilo kwa mikono miwili.

Wala maisha ya mwanamuziki ugenini hayakuwa mteremko. Nairobi ya miaka ya 1980 iliwabana wageni kwa vibali vya kazi. Orchestra Virunga ya Mkongo Samba Mapangala, iliyobeba jina la volkano hizi tunazoziona tukiwa Musanze, ilikwama kwa sababu hizo hizo huku nyimbo zake zikichezwa kila kona. Wimbo ulikaribishwa, mwimbaji akaulizwa karatasi.

Wengi wao wametangulia mbele ya haki. George Kinyonga alifariki mwaka 1992 na kaka yake Wilson mwaka 1995. Omar Shabani na Ngereza nao hatunao tena.

Tangu Bunge letu lilipoipitisha lugha ya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, huutumia wimbo huu darasani kufundisha vimilikishi: wako, wangu, wetu. Wiki iliyopita msichana mmoja wa kidato cha pili, ambaye mama yake huchukua mchele Rusumo, aliniuliza kama watunzi walikuwa wanalipwa kila kaseti ilipouzwa. Nikamwambia kaseti nyingi zilizozagaa enzi zile Afrika Mashariki zilikuwa za kunakiliwa. Akafikiri kidogo, akasema mama yake anazo mbili.