Miombo: Msitu Unaokauka Bila Kufa

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, aliyeumba viumbe na kukipa kila kimoja makazi na riziki yake.

Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kuja Tabora na kuendelea hadi Ujiji ilipita siku nyingi ndani ya msitu wa miombo. Kwa njia hiyo pembe za ndovu zilishuka pwani, na kwa njia hiyo Uislamu ulifika huku bara. Je, tunaufahamu msitu huo unaotuzunguka?

Mvua zetu huanza karibu na Novemba na kwisha Aprili au Mei. Kiangazi kikikolea, miti kama mtundu na mninga hupukutisha majani ili isipoteze maji. Mtu akiutazama msitu mwezi wa Agosti atadhani umekufa, kumbe mizizi i hai ardhini. Kabla mvua haijanyesha, miti mingi huchipua majani mekundu, ambayo baadaye hugeuka kuwa ya kijani.

Wanyama nao huishi kwa majira hayo. Mto Ugalla hubaki madimbwi wakati wa kiangazi, na viboko na mamba hukusanyika humo. Sehemu ya eneo hilo ilifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2019. Nyuki, ambaye Sura ya 16 ya Qur'ani imepewa jina lake, hutegemea maua ya miti hiyo. Ndiyo maana asali ya Tabora inasifika. Ndege mlembe humwongoza mrina asali hadi penye nyuki, kisha hula masega yaliyobaki.

Msitu huu sasa unapungua. Miti hukatwa kwa ajili ya mashamba, mkaa na kuni za kukaushia tumbaku. Moto wa Septemba na Oktoba unadhuru zaidi, kwani nyasi zimekauka kabisa na machipukizi yameshatoka. Pia, mti ukichubuliwa gome pande zote ili kutengeneza mzinga, hufa. Mzinga wa mbao ni bora.

Ndugu mwanafunzi, usiuchome msitu kwa kudhani ni kichaka kikavu. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa kupanda mti unaolisha watu, wanyama na ndege ni sadaka. Basi na tuilinde pia ile ambayo hatukuipanda sisi. Mwenyezi Mungu atuwafikishe. Amin.