Meno Yetu (4): Soma Alama Kabla ya Kuziba

Kila ifikapo 20 Machi, Siku ya Afya ya Kinywa na Meno Duniani, redio hutukumbusha mswaki. Safari hii nimesikia pia wito kwamba vijana wa Mbulu na Hanang wenye meno ya kahawia kwa sababu ya floraidi ya visimani wazibiwe na kung'arishwa. Sina ugomvi na wito huo. Ninachogombana nacho ni kioo: mtu akishuka kwenye kiti cha daktari huomba kioo kwanza. Tumekuwa watu wa meno ya kupigia picha, makande tutayatafuna baadaye.

Niruhusiwe kurudi kwa yule bwana wa Olduvai tuliyekutana naye katika sehemu ya pili. Tarehe 17 Julai 1959, Mary Leakey aliona mabaki ya fuvu lake, fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa ukoo wa binadamu, lenye magego makubwa kupindukia. Kwa ukubwa huo wakamwita mvunja karanga, wakaamini aliishi kwa kupasua kokwa ngumu. Mwaka 2008 Peter Ungar na wenzake walichapisha walichokiona kwa hadubini kwenye magego ya jamii yake: mikwaruzo myepesi, bila vishimo vinavyoachwa na vyakula vigumu. Miaka 3 baadaye, kemia ya enameli ya ndugu zake wa Kenya ikaelekeza kwenye nyasi na ndago. Nusu karne wasomi walitazama umbo, na ushahidi ulikuwa juu ya jino lenyewe. Sichoki kuisimulia habari hii, na sioni aibu.

Kinywa cha mtu aliye hai nacho husomwa kwa alama. Mzee aliyetafuna mizizi yenye nyuzi maisha yake yote, kama Wahadzabe wa Yaeda Chini, anaweza kuwa na meno yaliyolika yakawa bapa, na bado yakakutana vizuri, kwa sababu jino huendelea kupanda taratibu kadiri linavyolika. Raymond Begg wa Australia alilijengea hoja jambo hilo mwaka 1954. Mlo wa namna hiyo hulisaga jino polepole. Jino la floraidi ni habari nyingine. Lilitoka likiwa na enameli yenye vinyweleo chini ya ngozi yake ya juu, nalo humeguka vipande linapogongana na mwenzake. Kwa kutazama tu, meno ya aina zote mbili ni mafupi. Anayeyarefusha yote kwa kipimo kimoja anamtesa mgonjwa wa kwanza, na wa pili atarudi na kizibo mkononi.

Na floraidi haikai kisimani tu. Watafiti wa miaka ya 1990 walikuta meno yaliyoharibika vibaya hata katika vijiji vya Kaskazini ambako maji yana floraidi kidogo, wakaifuata hadi kwenye magadi ya kulainishia maharage. Akina mama wa huku wameambiwa mengi kuhusu mswaki. Kuhusu magadi wameambiwa machache mno, na hilo ni kosa letu tuliosoma.

Sasa namna ya kusoma alama hizo, yaani kupima jinsi meno yanavyokutana, kwa ufupi kwa kuwa nafasi inaniishia. Kabla ya kuchimba jino, daktari hukausha meno, huweka karatasi nyembamba ya rangi katikati, na kumwambia mgonjwa aume kidogo kidogo, kisha asogeze taya kushoto na kulia kwa karatasi ya rangi nyingine. Baada ya kuziba hurudia. Kizibo kilichozidi kimo hubeba doa zito peke yake huku majirani wakibaki weupe. Hapo hupunguzwa kidogo, hupimwa tena. Kidole kikiwekwa juu ya meno ya mbele hutambua jino linalotikisika taya ikifunga. Mdomo wenye ganzi hauumi kwa ukweli, kwa hiyo aliyetoka mbali kuja Haydom au Katesh angojee ganzi iishe, apimwe mara nyingine, ndipo apande gari.

Kofia za meno na gharama zake zitakuja katika sehemu ya tano.